Mwaka wa kuzaliwa wa uongo

Binti yangu alikuwa na miaka 10 na miezi michache. Alikuja na simu mkononi, akaketi ubavuni mwangu, akaniinamishia kioo ili nione. Kulikuwa na swali moja tu: umezaliwa lini? Siku, mwezi, mwaka, kila kimoja na kigurudumu chake cha kuzungusha kwa kidole. Siku na mwezi alikwisha kuviweka. Mwaka ndio uliomkwamisha, maana kila alipoweka ule wa kweli, gemu ilimtaka aandike barua pepe ya mzazi.

"Mama, nirudishe nyuma hadi wapi?"

Nilikuwa na kazi nyingine. Nikamwambia arudishe miaka minne, awe na 14. Akazungusha, kioo kikabadilika rangi, muziki ukaanza, akanishukuru bila kuniangalia. Haikufika hata dakika moja.

Nilichokuwa sijui siku ile ni kwamba lile swali ndilo mlango wa ulinzi wote ambao sheria imemwekea. Upande mmoja wa mlango alikuwa mtoto: wenye gemu wasingeruhusiwa kuchukua jina lake, sauti yake, picha yake wala mahali alipo mpaka mimi mzazi niridhie, tena kwa njia inayothibitisha kwamba aliyeridhia ni mtu mzima kweli. Upande wa pili alikuwa mtumiaji kama watumiaji wengine. Niliyemvusha ni mimi.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu sheria hizi. Nimezisoma kama mama, kwa kuwa sheria sikuisomea darasani. Ninachotaka kusema ni kwamba nyingi kati ya zile za mwanzo zilijengwa juu ya mtu kama mimi wa siku ile: mzazi aliyeshikwa na kazi, mwenye kidole juu ya kitufe. Na mtu huyo si ukuta wa kumwegemezea mtoto.

Umri huu wa miaka 13, unaokutana nao kila unapofungua akaunti, una asili yake. Ulitoka katika Bunge la Marekani, Oktoba 1998, ilipopitishwa Sheria ya Kulinda Faragha ya Watoto Mtandaoni, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, COPPA. Ed Markey, mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele kuitunga, amesema hadharani kwamba yeye alitaka ulinzi ufike miaka 16, akashindwa kwenye majadiliano. Miaka 13 yalikuwa maafikiano ya wanasiasa na wafanyabiashara. Kwa kuwa kampuni kubwa zilikuwa za Kimarekani, namba ile ikasafiri nazo dunia nzima, hadi leo wazazi wengi wanadhani ni namba ya kitaalamu, kwamba kuna mtu alipima ubongo wa mtoto akakuta umekomaa siku anapotimiza 13.

Sababu ya kuitunga ilikuwa nzito. Juni mwaka huohuo, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliwapelekea wabunge ripoti baada ya kupitia tovuti 212 za watoto. Asilimia 89 zilikuwa zikichukua taarifa binafsi moja kwa moja kutoka kwa watoto wenyewe. Zilizompa mzazi namna yoyote ya kudhibiti hazikufika asilimia 10. Mwaka uliofuata, tume hiyo iliishtaki kampuni moja ya fedha iliyokuwa na tovuti ya kuwafundisha watoto uwekezaji. Iliwauliza watoto wanapewa pesa kiasi gani kwa wiki, na familia zao zina mali gani, ikawaahidi kwamba majibu yao hayataambatanishwa na majina. Yaliambatanishwa. Sioni namna ya kulitazama jambo hilo kwa upole. Mtoto haelewi kwamba swali la kirafiki linaweza kuwa la mtu anayehesabu mali ya baba yake.

Sheria ilipoanza kutumika Aprili 2000, ridhaa ya mzazi ilikuwa na uzito wa karatasi. Unajaza fomu, unaisaini, unaituma kwa posta au faksi. Au unatumia kadi ya benki. Au unapiga simu ya bure na kuongea na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Ilikuwa usumbufu, na nadhani usumbufu huo ulikuwa na maana yake, kwa sababu ulimpa mzazi muda wa kujiuliza anaridhia nini. Lakini sheria iliacha ufa mmoja mpana. Inaibana tovuti iliyolengwa kwa watoto. Ile ya watu wote inaibana pale tu inapojua kwa hakika kwamba anayeitumia ni mtoto.

Kujua kwa hakika. Ukimwambia mfanyabiashara kwamba ataadhibiwa akijua, umemfundisha faida ya kutojua. Kampuni zikaweka kigurudumu cha mwaka wa kuzaliwa, mtoto akazungusha, na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Ufa huo ulionekana vizuri mwaka 2019, kwenye kesi ya YouTube. FTC ilieleza jinsi mtandao huo ulivyojinadi kwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea kama mahali pa kuwapata watoto wadogo, huku mahali pengine ukisema hauna watazamaji wa chini ya miaka 13, kwa hiyo sheria haiuhusu. Walikubali kulipa dola milioni 170. Kiasi hicho ni kikubwa kwako na kwangu. Kwa kampuni ile sidhani kama kiliumiza sana. Kilichobaki na maana kwangu ni kwamba kauli mbili zinazopingana ziliwekwa mezani pamoja, hadharani, na watu wote wakazisoma.

Sasa nirudi nyumbani kwangu, maana hapo ndipo nilipoelewa.

Miaka miwili baada ya siku ile ya kigurudumu, nilimwandikia mwenye gemu kuomba nakala ya data ya akaunti ya binti yangu. Haki hiyo ipo. COPPA inampa mzazi nafasi ya kuona kilichokusanywa na kudai kifutwe, na Ulaya, kupitia kanuni yao ya kulinda data, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa kila mtu haki ya kuona kinachohifadhiwa kumhusu. Nilitegemea ukurasa mmoja au miwili. Lilikuja faili la maelfu ya mistari.

Mistari mingi ilikuwa saa na tarehe. Kila alipofungua, kila alipofunga. Namba ndefu ya kifaa, ileile mstari baada ya mstari, kama kovu linalomtambulisha mtu hata akibadili jina. Aina ya simu, lugha, kiasi cha chaji kilichobaki. Matangazo aliyoonyeshwa, na kando yake sekunde alizoyatazama kabla ya kuyafunga.

Nikashusha macho hadi wiki moja ninayoikumbuka. Alikuwa na homa kali, nikalala chumbani kwake, na usiku wa pili nilipitiwa na usingizi. Asubuhi nilimuuliza kama alilala, akasema alilala. Kwenye faili, usiku huo, saa tisa na dakika nane, gemu ilifunguliwa. Ikafungwa baada ya dakika 18. Nilikuwa nimelala hatua mbili kutoka kitandani kwake. Kuna mashine mahali fulani iliyojua kwamba mwanangu yuko macho na anaumwa, au walau yuko macho, nami sikujua.

Nililia kidogo. Sioni aibu kusema.

Juu kabisa ya faili palikuwa na mstari mfupi: umri, 16. Alikuwa na 12. Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Uongo nilioupanda ulikuwa ukikua pamoja naye. Akifika miaka 14 ya kweli, mfumo utamhesabu ametimiza 18. Ulinzi wote ambao sheria mpya zinawawekea vijana wa chini ya miaka 18 utaondoka siku hiyo: ujumbe kutoka kwa watu wazima asiowafahamu, matangazo ya watu wazima, vyote vitafunguliwa. Atakuwa darasani na watoto wenzake wa miaka 14, na kwa mashine atakuwa mwanamke mtu mzima. Nimewauliza wazazi wenzangu, na karibu kila mmoja alikwisha kuzungusha kigurudumu kile kwa ajili ya mtoto wake. Ukishakizungusha, umepiga hesabu hiyo hata kama hukuiandika popote.

Ile namba ndefu ya kifaa nayo ina historia yake. Mwanzoni sheria iliangalia zaidi jina, anwani, simu. Mwaka 2013 Wamarekani waliongeza picha, sauti, video, mahali mtoto alipo, na pia alama zile za kumfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine, kama vidakuzi na namba za kifaa. Mwaka 2025 wakaongeza alama za mwili, kama vidole na sura, wakazuia kampuni kuhifadhi data ya mtoto bila kikomo, na wakataka ridhaa ya pili, ya peke yake, kabla data hiyo haijapelekwa kwa watu wengine. Hilo la mwisho lina uzito kwangu, na nitalirudia.

Sauti za watoto nazo zina kisa chake. Mwaka 2017, mdhibiti wa mawasiliano wa Ujerumani alipiga marufuku mwanasesere aliyeitwa Cayla. Alikuwa na kipaza sauti, anaunganishwa na simu kwa bluetooth, mtoto anamuuliza swali naye anajibu kwa kutafuta mtandaoni. Tatizo ni kwamba muunganisho ule haukuwa na ulinzi, mtu aliye karibu angeweza kuingia, akasikiliza na hata kuongea na mtoto kupitia kinywa cha mwanasesere. Wajerumani wana sheria inayokataza vifaa vya kupelelezea vilivyofichwa ndani ya vitu vya kawaida, na kwa sheria hiyo wakawaambia wazazi wamharibu. Nawaza mtoto aliyelala amemkumbatia kwa mwaka mzima. Unamwelezaje kwamba rafiki yake lazima avunjwe?

Miaka sita baadaye FTC ikaitoza Amazon dola milioni 25 kwa kuhifadhi rekodi za sauti za watoto waliokuwa wakiongea na Alexa, msaidizi wake anayesikiliza na kujibu kwa sauti, hata pale wazazi walipoomba zifutwe. Mzazi ameomba, kampuni ikaendelea kushika. Ndiyo maana nasema ridhaa peke yake haitoshi. Hata mzazi makini, anayesoma, anayeandika, anayefuatilia, yuko upande mmoja wa mlango uliofungwa.

Uingereza walijaribu njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo njia yenyewe. Beeban Kidron, mjumbe wa Baraza la Mabwana katika Bunge lao, alisimamia kipengele cha sheria kilichozaa kanuni za usanifu unaozingatia umri wa mtoto, zilizoanza Septemba 2020 na kupewa mwaka mmoja wa matayarisho. Zina viwango 15. Kiini chake, kadiri ninavyozielewa, ni kumtoa mzazi mlangoni na kumweka mtengenezaji. Programu inayoelekea kutumiwa na mtoto wa chini ya miaka 18 ije ikiwa imefungwa tangu ilipotoka kiwandani: faragha iwe juu, kuonyesha mahali alipo kuwe kumezimwa, isikusanye zaidi ya inachohitaji, isitumie hila za rangi na vitufe kumsukuma mtoto atoe zaidi. Anayetaka kufungua afungue. Lakini asiyefanya chochote, yule mwenye kazi nyingine mkononi, awe salama.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiisoma. Jaribu kuitazama kwenye maisha. Karibu na muda wa kuanza kwa kanuni zile, TikTok walizifanya akaunti za walio chini ya miaka 16 ziwe za faragha bila kuulizwa. YouTube wakazima ule mtindo wa video kufuatana zenyewe kwa walio chini ya 18. Instagram wakazuia watu wazima kuwaandikia vijana wasiowafuata. Mabadiliko hayo yalifika hadi kwa watoto walioko mbali na Uingereza, ambao mabunge yao hayakuwa yamejadili neno hata moja. Hakuna mzazi aliyebonyeza kitu.

Kinyume chake kilionekana kwenye kesi ya Epic Games, wenye Fortnite, Desemba 2022. Mazungumzo ya sauti na ya maandishi yalikuja yamewashwa, mtoto anaingia na papo hapo anasikika na watu asiowajua. FTC ilisema hata wafanyakazi wa ndani walikuwa wameonya. Wakakubali kulipa dola milioni 275 kwa kuvunja sheria ya watoto, na nyingine milioni 245 za kurudishia wateja waliosukumwa kununua bila kukusudia. Kinachoniuma katika kesi ile ni kitufe kimoja. Kiwashwe au kizimwe? Mtu alikaa ofisini akaamua kiwashwe, na uamuzi wake ukaingia vyumbani mwa watoto wengi sana.

Kuna upande wa sheria ambao sitakaa nao muda mrefu, ingawa ndio wenye giza zaidi. Ni ule wa watu wazima wanaowarubuni watoto, wanaojenga urafiki wa pole pole hadi waombe picha, kisha watishie kuzisambaza. Mkataba wa Lanzarote wa Baraza la Ulaya, wa 2007, ulizitaka nchi ziuhesabu urubuni huo kuwa kosa la jinai, hata kama unaanzia kwenye maandishi tu, mara mtu anapochukua hatua za kukutana na mtoto. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao, uliopitishwa Malabo mwaka 2014 na kuanza kutumika 2023, nao unazitaka nchi zifanye picha za kingono za watoto kuwa kosa la jinai. Wazazi, likiwafika, msifute ujumbe kwa hasira. Ujumbe ni ushahidi. Msilipe anachodai. Wala picha ya mtoto ya utupu msimtumie mtu mwingine yeyote, hata kwa nia ya kuomba msaada. Wapelekeeni polisi simu yenyewe. Ipo pia huduma ya Take It Down, ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa, ambayo inatengeneza alama ya picha bila picha hiyo kutoka kwenye simu ya mtoto, na mitandao inayoshiriki inaitumia alama hiyo kuiondoa. Na mtoto aambiwe siku hiyohiyo, na arudiwe kuambiwa, kwamba hana kosa.

Siku hizi upepo umegeukia kwenye kufunga mlango kabisa. Australia imepitisha sheria, inayotumika tangu tarehe 10 Desemba 2025, inayozuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Kampuni isiyochukua hatua za kutosha inaweza kutozwa hadi dola za Australia milioni 49.5, mtoto na mzazi hawaadhibiwi. Hilo la kutomwadhibu mtoto nalipenda. Kuhusu marufuku yenyewe moyo wangu umegawanyika. Ninamjua kijana mmoja asiyesikia vizuri ambaye marafiki zake wote wa dhati anawapata mtandaoni. Na ili kumjua nani ana 16, kampuni lazima zitafute namna ya kupima umri wa watu, mara nyingine kwa kitambulisho au kwa kupigwa picha ya uso. Oktoba 2025 Discord, mtandao wa mazungumzo, walitangaza kwamba picha za vitambulisho za watumiaji wapatao 70,000 huenda zimevuja kupitia kampuni waliyoipa kazi, na nyingi zilikuwa zimetumwa kwa ajili ya kuthibitisha umri. Tunamwomba mtoto atoe siri kubwa zaidi ili tulinde siri ndogo. Bado sijasikia jibu la kuniridhisha kwa hilo, isipokuwa lile la kwamba picha ikishathibitisha umri ifutwe papo hapo na asiyeifuta ashtakiwe.

Nimewasema wenye kampuni. Sasa nijiseme.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinakataza kuchakata data ya mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata ridhaa ikiwepo, kinataka haki na maslahi ya mtoto yalindwe. Mwaka 2023 Kamishna wa Data wa huko aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Niliposoma habari ile nilifurahi, nikasema vizuri, wajifunze. Kisha nikakumbuka picha niliyoiweka mimi.

Ni ya binti yangu akiwa na miaka mitano, analia machozi na makamasi, amening'inia kwenye sketi yangu siku ya kwanza ya shule. Watu waliipenda sana. Alipokuwa na 11 mwanafunzi mwenzake aliikuta, akaisambaza darasani. Aliporudi nyumbani hakunikasirikia. Alisimama mlangoni na mkoba mgongoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, uliniuliza kabla ya kuiweka?"

Sheria za ridhaa hazina jibu kwa swali lake, kwa sababu zinamtazama mzazi kama mlinzi. Mzazi akiwa ndiye aliyefungua mlango, mtoto aende wapi? Wafaransa wameanza kulijibu. Sheria yao ya Oktoba 2020 kuhusu watoto wanaochezeshwa kwenye video za kibiashara inataka sehemu ya mapato iwekewe mtoto hadi awe mtu mzima, na inampa mtoto mwenyewe haki ya kuomba video zifutwe, bila kusubiri mzazi akubali. Februari 2024 wakaongeza nyingine: wazazi wote wawili wana wajibu wa kulinda haki ya mtoto juu ya picha yake, na wamshirikishe kulingana na umri na ukomavu wake. Inaonekana jambo dogo, kumshirikisha. Kwangu lingetosha. Mtoto wa miaka mitano angeniambia hapana, nina uhakika.

Haki hiyo haikuzuliwa na Wafaransa. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa 1989, inasema mtoto asiingiliwe kiholela katika faragha yake, familia yake, nyumba yake wala mawasiliano yake. Mwaka 2021 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla Na. 25, ikieleza kwamba haki zote za mtoto zinamfuata hadi mtandaoni. Kabla ya kuyaandika walisikiliza watoto na vijana zaidi ya 700 kutoka nchi nyingi. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu ndani ya nyumba, na sikuwa nimemsikiliza.

Picha niliifuta. Najua bado iko kwenye simu za watu.

Kisha nikamwandikia mwenye gemu kwamba mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti si wa kweli, niliuweka mimi, naomba urekebishwe. Wakajibu baada ya siku nne: nitume kitambulisho. Nikakataa, nikawaeleza kwa nini. Tukaandikiana mara tatu, hatimaye wakakubali nithibitishe utu uzima wangu kwa kadi ya benki. Akaunti ikasimamishwa. Binti yangu alinuna siku mbili nzima, nikamwacha anune, alikuwa na haki.

Barua ya ridhaa ilipofika, safari hii niliichapisha kwenye karatasi. Tukaketi mezani. Yeye akasoma kwa sauti, mimi nikafuata kwa kidole, na kila tulipofika kwenye neno gumu tulisimama. Mwishoni kulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kiliruhusu gemu ikusanye inachohitaji ili ichezeke. Cha pili kiliruhusu data yake ipelekwe kwa "washirika", na orodha yao ilikuwa ukurasa wa nyuma.

"Washirika ni marafiki zao?" akaniuliza.

Nikamwambia ni kampuni nyingine, zinazonunua na kuuza matangazo.

Akageuza karatasi, akachukua penseli, akaanza kuyahesabu majina, akiweka nukta kando ya kila moja. Yalikuwa 31. Hakulijua hata moja, wala mimi.

"Hawa wote wangejua nilivyokuwa macho usiku ule?"

Nikamwambia ndiyo, huenda.

Kisanduku cha kwanza alikubali nikiwekee tiki. Cha pili alikifunika kwa kiganja chake, nikaendelea hadi kwenye sahihi.